Kero za Gmail na namna ya kuziondoa

Watu wengi wanaoilalamikia Gmail wana lalamiko moja lenye sura nyingi. Wanaitazama kama kabati la mafaili, lenye droo ya barua zilizoingia, droo ya zilizotoka na droo ya kila kazi, ilhali tangu ilipozinduliwa tarehe 1 Aprili 2004 haikujengwa hivyo. Gmail ni rundo moja kubwa la barua, na kila barua ndani ya rundo hilo hubandikwa lebo moja au zaidi. Kikasha chenyewe ni lebo, na barua zilizotumwa nazo hutambulika kwa lebo. Ukilishika hilo, utaelewa kwa nini barua uliyoiondoa kwenye kikasha bado ipo mahali fulani, kwa nini majibu yanarundikana pamoja, na kwa nini kutafuta ni kazi muhimu kuliko kupanga.

Mwongozo huu unahusu Gmail inayofunguliwa kwenye kivinjari cha kompyuta. Nasisitiza kompyuta kwa sababu programu ya simu imeacha nje sehemu kubwa ya mipangilio. Kwa mfano, huwezi kutengeneza kichujio, yaani agizo la nini kifanyike kwa barua za aina fulani zinapoingia, ukiwa ndani yake. Tenga saa moja, azima kompyuta ikibidi, ufanye kazi hii mara moja. Vichujio na lebo utakavyoweka vitafanya kazi hata utakaporudi kusoma barua zako kwenye simu.

Kufika kwenye mipangilio yenyewe

Juu, upande wa kulia wa ukurasa, kuna alama ya gia. Ukiibofya hufunguka paneli nyembamba yenye mambo ya mwonekano tu, kama mandhari na nafasi kati ya barua na barua, na wengi huishia hapo wakidhani hayo ndiyo yote. Mipangilio halisi iko nyuma ya kitufe kilicho juu kabisa ya paneli hiyo, kinachokupeleka kwenye mipangilio yote. Hapo utaona vichupo vilivyopangwa kwa mstari. Cha kwanza ni cha mambo ya jumla, na chaguo la mwanzo kabisa ndani yake ni lugha ya menyu, ambamo Kiswahili kimo. Ikiwa menyu zako ni za Kiingereza na hutaki kuzibadilisha, fuata tu mahali vitufe vilipo, kwa kuwa havihami.

Kichupo hicho cha kwanza ni kirefu sana, na kitufe cha kuhifadhi mabadiliko kiko mwisho wake, chini kabisa. Usiposhuka hadi huko ukakibofya, kila ulichobadilisha kitapotea. Naamini zaidi ya nusu ya wanaosema kwamba mipangilio ya Gmail haifanyi kazi wamekwama hapo.

Barua zinazokunjwa pamoja

Gmail hukusanya barua na majibu yake yote kwenye uzi mmoja. Kwa watu wawili wanaoandikiana mpango huo ni msaada mkubwa, lakini kwa kamati ni mateso. Niliwahi kuwa kwenye kamati ya wazazi ambamo kila mwenye jambo jipya alifungua barua yoyote ya zamani, akabofya kujibu, akaandika lake. Mtunza hazina wetu alituma taarifa ya fedha kwa njia hiyo hiyo. Ilikaa katikati ya uzi wenye barua zaidi ya thelathini, imekunjwa, huku kwenye mstari ikionekana tarakimu tu ya idadi ya barua, na siku ya kikao wajumbe watatu walisema kwa moyo mweupe kwamba hawakutumiwa chochote. Nilifungua uzi mbele yao, nikabofya ile tarakimu iliyofunika barua za katikati, na taarifa ikajitokeza ikiwa na tarehe yake. Walikuwa nayo kwa wiki mbili.

Ukitaka kila barua isimame peke yake, nenda kwenye kichupo cha mambo ya jumla, tafuta sehemu ya mwonekano wa mazungumzo, izime, kisha shuka chini uhifadhi. Kwenye simu kuna swichi ya namna hiyo ndani ya mipangilio ya akaunti, nayo uizime kivyake.

Kama hutaki kwenda mbali hivyo, jifunze kuukata uzi. Gmail huanzisha uzi mpya kichwa cha barua kinapobadilika, au uzi unapopita barua 100. Unapojibu kwa jambo jipya, bofya mshale mdogo ulio kando ya jina la unayemjibu, chagua kuhariri kichwa, andika kichwa kinacholingana na jambo lenyewe. Na kama umeingizwa kwenye mjadala usiokuhusu, fungua menyu ya vitone vitatu iliyo juu ya barua uchague kuunyamazisha. Majibu yatakayofuata hayatakuja kikashani, ila yataendelea kupatikana ukiyatafuta.

Hapa ndipo watu huchanganya kuweka kwenye kumbukumbu na kufuta. Kuweka kwenye kumbukumbu ni kuiondolea barua lebo ya kikasha, basi. Barua inabaki, nayo utaikuta ndani ya Barua Zote. Kufuta ni kuipeleka kwenye tupio, ambako hukaa siku 30 kisha ikaondoka moja kwa moja. Kwenye simu nyingi, kutelezesha kidole juu ya barua huipeleka kwenye kumbukumbu, kwa hiyo barua iliyotoweka ghafla wakati ulipokuwa ukipitisha kidole haijafutwa. Angalia Barua Zote kabla hujahangaika.

Vichupo vya kikasha na folda ya taka

Tangu mwaka 2013 Gmail hugawa kikasha katika vichupo: barua za msingi, za mitandao ya kijamii, za matangazo na nyinginezo. Mgawo huo hufanywa na mashine kwa kutazama umbo la barua na namna ilivyotumwa. Tatizo ni kwamba barua ya kumwita mtu kwenye usaili, inayotumwa na mfumo kwa mamia ya waombaji kwa wakati mmoja, yenye nembo juu na viungo chini, inafanana sana na tangazo la duka. Mashine haina njia rahisi ya kujua kuwa hiyo ndiyo barua unayoisubiri tangu mwezi uliopita.

Maoni yangu kuhusu hili ni ya wazi: mtu anayetafuta kazi, anayeomba nafasi ya chuo au anayesubiri majibu ya viza avizime vichupo vyote. Ingia kwenye mipangilio, nenda kichupo cha tatu kinachohusu kikasha, ondoa alama kwenye kila kundi isipokuwa la msingi, hifadhi. Barua zote zitakuja mahali pamoja. Ndiyo, matangazo yatakuja nayo, lakini hayo yana dawa yake: kando ya jina la mtumaji wa tangazo mara nyingi kuna kiungo cha kujiondoa, na tangu mwaka 2025 Gmail ina ukurasa unaoorodhesha watumaji uliojisajili kwao, ambapo unaweza kujitoa kwa mmoja baada ya mwingine. Asiyetaka kuzima vichupo aivute barua kwa kipanya kutoka kwenye kichupo cha matangazo hadi cha msingi, kisha akubali pale Gmail inapouliza kama ifanye hivyo kwa barua zijazo za mtumaji huyo.

Folda ya taka, ambako Gmail hutupa barua inazozishuku kuwa za usumbufu au utapeli (siyo tupio la barua ulizofuta mwenyewe), ni jambo zito zaidi, kwa sababu barua zilizomo hufutwa baada ya siku 30 na utafutaji wa kawaida hauingii humo. Iwapo kuna mtumaji usiyekubali barua yake ipotee, mtengenezee kichujio. Ndani ya kisanduku cha kutafutia, mwisho wake wa kulia, kuna alama ya mistari yenye vidoti, ibofye. Kwenye nafasi ya mtumaji andika anwani yake kamili, au sehemu inayofuata alama ya @ ikiwa ni taasisi yenye anwani nyingi, halafu bofya kitufe cha kutengeneza kichujio. Orodha itakayofunguka ina visanduku vya kutia alama: tia alama kwenye kile kinachosema barua isipelekwe kamwe kwenye taka, na ukitaka, kwenye kile cha kuipa lebo. Chini yake kuna kisanduku cha kukifanyia kichujio kazi hata kwa barua zilizokwisha kuingia. Hicho husahauliwa mno. Usiweke kamwe kichujio cha aina hii kwa anwani zote zinazoishia na gmail.com, kwa sababu utakuwa umewafungulia mlango matapeli wote wenye akaunti huko.

Kutafuta kwa Kiswahili

Kero hii inatugusa sisi kuliko wengine, na sioni ikizungumzwa. Gmail hutafuta neno zima. Haitafuti kipande cha neno. Ukiandika «mkata» haitakuletea barua yenye neno «mkataba». Mwenye kuandika Kiingereza anaumia kidogo tu, kwa kuwa maneno yake hayabadiliki sana. Neno la Kiswahili hubadilika mwanzo, katikati na mwisho: lipa, nimelipa, tulilipia, malipo, walipaji. Mtu anakumbuka wazi kwamba aliandikiwa kuhusu malipo, anatafuta «malipo», hapati kitu, anaamini barua imefutwa, kumbe mwenzake aliandika «tumeshakulipa».

Usitafute kitenzi. Tafuta kitu kisichobadilika: jina la mtu, jina la mahali, namba ya ankara, mwaka, au neno la kigeni ambalo mwandishi asingeweza kulikwepa. Pale ambapo huna budi kutumia nomino, andika umoja na wingi ukiviunganisha kwa neno OR lenye herufi kubwa, kama hivi: mkataba OR mikataba. Maneno mawili yanayofuatana yazungushie alama za kunukuu za kawaida ili yatafutwe kama yalivyo.

Kisha tumia amri za Gmail, ambazo huandikwa vilevile bila kujali lugha ya menyu. Amri from: hufuatwa na jina au anwani ya mtumaji, to: na mpokeaji, subject: na neno lililo kwenye kichwa. Amri has:attachment huleta barua zenye viambatisho tu, na filename:pdf huleta zenye faili za aina hiyo. Amri before:2023/01/01 huleta za kabla ya tarehe hiyo, na older_than:2y huleta zenye umri wa zaidi ya miaka miwili. Zinaunganishwa: from:asha has:attachment before:2023/01/01 itakuletea viambatisho vyote vya Asha vya kabla ya mwaka 2023, hata kama hukumbuki neno moja aliloandika. Na unapohofia kwamba barua imeangukia kwenye taka au tupio, ongeza in:anywhere, maana bila hiyo Gmail haitatazama huko.

Tangu mwaka 2025 matokeo ya utafutaji yanaweza kuja yakiwa yamepangwa kwa yale ambayo mashine inayaona yanafaa zaidi, na siyo kwa tarehe. Ukiona barua ya zamani imekaa juu ya ile ya jana, tafuta juu ya orodha chaguo la kupanga kwa mpya zaidi.

Nafasi iliyojaa

Shangazi yangu, mwalimu mstaafu, alinipigia simu akaniambia, «Mwanangu, mimi tangu Ramadhani sijapata barua hata moja. Wenzangu wa chama wanasema wakinitumia zinarudi.» Nilimkuta ameshafuta barua zaidi ya mia nne, moja moja, akivaa na kuvua miwani, na onyo jekundu la nafasi kujaa halijasogea.

Akaunti ya bure ina GB 15, na nafasi hiyo hutumiwa kwa pamoja na Gmail, Hifadhi ya Google na Picha kwenye Google. Ikijaa, hutumi wala hupokei barua. Picha unazopakia zimekuwa zikihesabiwa humo tangu tarehe 1 Juni 2021, na kuanzia mwaka 2024 nakala rudufu za WhatsApp za simu za Android nazo zikaingizwa kwenye hesabu. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kujua nani anakula nafasi: fungua one.google.com/storage na utazame mgawanyo wake. Kwa shangazi, barua hazikufika hata GB 1. WhatsApp peke yake ilichukua GB 9, karibu zote zikiwa video za harusi na mahubiri kutoka kwenye makundi. Tuliingia mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya gumzo, nakala rudufu ya gumzo, tukazima kujumuisha video, tukaagiza nakala mpya ichukuliwe hapo hapo. Nafasi ilirudi siku ile ile, na barua aliyotumiwa jioni na katibu wa chama chake ikaingia tukiwa bado mezani.

Ikiwa mlaji kweli ni barua, usizifute moja moja. Andika kwenye kisanduku cha kutafutia larger:10M, upate zile zinazozidi MB 10, kisha ongeza older_than:2y ukitaka kuanza na za zamani. Pakua viambatisho unavyovihitaji kwanza. Ukitia alama kwenye kisanduku cha juu kushoto, zinachaguliwa tu barua za ukurasa ule, ambazo kwa kawaida ni 50. Tazama juu ya orodha utaona mstari unaokuuliza kama uchague zote zinazolingana na utafutaji. Bofya hapo ndipo ufute. Halafu ingia kwenye tupio uliondoe lote, kwa sababu barua iliyo kwenye tupio bado inahesabiwa mpaka itoke. Shangazi hakuwa amelijua hilo, na barua zake mia nne zilikuwa zote zimelala humo.

Wakati wa kutuma

Muda wa kutengua utumaji huwekwa mwanzoni kuwa sekunde 5, ambazo hazitoshi hata kugundua kosa. Kwenye kichupo cha mambo ya jumla utaweza kuufanya sekunde 30. Ufanye hivyo leo. Karibu na hapo kuna chaguo la jibu la kawaida. Hakikisha limewekwa kumjibu mtumaji peke yake, lisiwe la kuwajibu wote.

Viambatisho vya barua moja visizidi jumla ya MB 25. Vikizidi, Gmail huvipeleka kwenye Hifadhi na kumtumia mwenzako kiungo, na hapo huzuka usumbufu wa mpokeaji kuambiwa hana ruhusa. Gmail inapokuuliza kuhusu ruhusa kabla ya kutuma, isome. Usibofye tu ili ipite. Kama unayemtumia ni ofisi inayotaka faili lenyewe, punguza ukubwa wa PDF kwanza, au gawanya viambatisho katika barua mbili.

Mtandao dhaifu na kompyuta ya watu wengi

Mwanzoni mwa 2024 Google iliondoa ile sura nyepesi ya Gmail iliyofunguka hata kwenye mtandao wa kusuasua, na wanaonunua intaneti kwa bando walipoteza kitu kikubwa. Yapo mambo mawili ya kupunguza makali. La kwanza, kwenye kichupo cha mambo ya jumla chagua Gmail ikuulize kabla ya kuonyesha picha kutoka nje. Hutapakua picha za kila tangazo, na watumaji hawatajua kwa njia ya picha hizo kwamba umefungua barua yao. La pili, mstari ule wa vichupo una kimoja cha kutumia Gmail nje ya mtandao. Kwa kivinjari cha Chrome, kiwashe na uchague kuhifadhi barua za siku 7, 30 au 90. Utasoma na kuandika bila mtandao, na ulichoandika kitasubiri foleni hadi mtandao urudi.

Usiwashe hilo la pili kwenye kompyuta ya intaneti kafe au ya ofisini inayotumiwa na wengi, kwa kuwa barua zako zitabaki ndani ya mashine hiyo. Na kama umeondoka mahali na hukumbuki kuwa ulitoka kwenye akaunti, shuka hadi chini kabisa ya kikasha ukiwa kwenye kompyuta nyingine. Upande wa kulia kuna maandishi madogo ya shughuli ya mwisho ya akaunti, yenye kiungo cha maelezo. Kupitia hapo utaona mahali akaunti ilipofunguliwa na utaweza kufunga matumizi yote mengine kwa pamoja.

Kufungiwa nje ya akaunti

Kero hii ndiyo isiyo na dawa baada ya kutokea, kwa hiyo ishughulikie ukiwa bado uko ndani. Namba ya simu uliyoisajili ikiwa ni laini uliyoacha kuitumia, inaweza kuwa imefungwa na kupewa mtu mwingine, na msimbo wa kuthibitisha utakwenda kwake. Fungua myaccount.google.com, sehemu ya usalama, ubadilishe namba na barua pepe ya kurejesha akaunti ziwe unazozitumia sasa. Fahamu pia kwamba akaunti isiyofunguliwa kwa miaka miwili inaweza kufutwa pamoja na kila kilichomo. Kama mzazi wako ana akaunti yenye picha za familia na haitumii, mkalie pembeni aifungue.

Ukishawasha uthibitishaji wa hatua mbili, yaani kudaiwa uthibitisho wa pili juu ya nenosiri unapoingia, katika sehemu hiyo hiyo utakuta misimbo mbadala: ni kumi, kila mmoja una tarakimu nane, na kila mmoja hufanya kazi mara moja tu. Ichapishe au iandike kwa mkono, usiipige picha kwa simu ile ile unayohofia kuibiwa, na karatasi hiyo uiweke pamoja na vyeti vyako vya kuzaliwa na vya shule. Kila utakapotumia msimbo mmoja ukate kwa kalamu, na ikibaki miwili urudi ukurasa ule ule uagize kumi mingine.